Mshale wa Sekunde

Jumapili moja ya masika, Aprili 2006, nilitoka ibadani nikaenda moja kwa moja kwa mjomba wangu, Majengo, Moshi, anifundishe gitaa. Mjomba ni fundi cherehani, lakini ujanani alipiga gitaa la rithimu kwenye bendi ya dansi, na redio ikiweka Morogoro Jazz alikuwa akisimamisha cherehani amsikilize Mbaraka Mwinshehe mpaka wimbo uishe.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Lete huo mkono wa kushoto niuone."

Akanipa wembe nipunguze kucha. Kucha ikiwa ndefu, alisema, kidole hakisimami juu ya uzi, kinalala na kugusa wa jirani. Wakati nakata, yeye akawa anatyuni: anabana uzi mnene kwenye freti ya tano (freti ni nafasi kati ya vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), anakaza unaofuata hadi sauti zilingane, anateremka hivyo hivyo. Uzi wa tatu pekee ukihesabu kutoka mwembamba, ule wa G, ndio alioubana freti ya nne. Siku hizi simu inaweza kukufanyia kazi hiyo, lakini mimi bado naanza kwa sikio, na kila anayeanza namwomba ajaribu, kwa sababu sikio nalo linafunzwa.

Kodi ya kwanza, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, ilikuwa Am (A ndogo). Kidole cha shahada uzi wa pili, freti ya kwanza. Cha kati uzi wa nne na cha pete uzi wa tatu, vyote freti ya pili. Hakuniruhusu kucharaza. Nilidonoa uzi mmoja mmoja, na wa tatu ukakoroma. Nikazidisha nguvu, ukakoroma vilevile. Mjomba akakisukuma kidole changu kidogo tu, kikae karibu kabisa na chuma cha freti, na sauti ikatoka safi bila kubana sana.

Hapo ndipo mvua ikashuka. Anayeijua mvua ya Aprili kwenye nyumba ya bati anaelewa: tulikuwa tunasemezana kwa kupiga kelele, na gitaa halikusikika hata na mimi niliyelipakata. Nikataka kuliweka chini. Mjomba akanisogelea sikioni: "Mkono wa kulia upumzike. Wa kushoto una kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kutoka Am kwenda C, kimya kimya. Mara ya kwanza niliinua vidole vyote, nikaanza kuvitafutia nafasi upya. Akavishika viwili, cha shahada na cha kati. "Hivi umevifukuza kwa kosa gani?" Nikatazama vizuri. Kwenye C vidole hivyo vinabaki palepale vilipo kwenye Am. Cha pete peke yake ndicho kinachohama, kutoka uzi wa tatu hadi wa tano, freti ya tatu.

Kisha akanionyesha saa ya ukutani. Mlio wake haukusikika, ila mshale wa sekunde ulionekana. Sekunde nne Am, sekunde nne C, macho yasitoke kwenye mshale. Kumbe ukiitazama saa huwezi kutazama vidole, na vidole vinalazimika kujua njia vyenyewe. Nimekutana na wengi wanaokariri kodi kumi na mbili kutoka kwenye chati, halafu wimbo wa kodi mbili unawashinda, kwa kuwa hawakufanya mazoezi ya kuhama. Kodi ni rahisi kuishika ukiwa umetulia. Wimbo unakuhitaji ufike kwa wakati, na ukichelewa waimbaji hawakusubiri.

Ncha za vidole zilipoanza kuwaka akanisimamisha. Robo saa kila siku, alisema, inajenga mkono kuliko Jumamosi nzima ya kujitesa. Mkewe akaleta chai ya rangi na maandazi.

Mvua ilipopungua, nikacharaza kwa mara ya kwanza, nne kwa nne. Am, C, Am, C. Hazikukatika. Mjomba akaanza kuimba juu yake pambio la kwaya, kikombe mkononi, na mkewe akaingiza sauti ya pili kutoka jikoni.

"Kesho hizo hizo," aliniambia nikiaga. "Ukizizoea ongeza G. F iache kwanza, ile inataka kidole kimoja kibane nyuzi zote sita, na chako bado hakijakomaa."