Shanga amekula panya wa friza

Jana usiku Shanga, chatu wangu, alikula panya aliyetoka kwenye friza. Hakunusa akaondoka kama alivyozoea. Alimrukia, akamviringa, akambana kwa nguvu zote kana kwamba yu hai, kisha akalegeza mwili taratibu na kuanza kumtafuta kichwa. Sikujitikisa mpaka mkia ulipozama mdomoni. Nimefurahi mno, nataka niyaandike haya yangali mabichi.

Nilimpokea akiwa amezoea kulishwa panya hai. Alikuja na kovu mgongoni, mahali ambapo magamba yameota ovyo, na ukipitisha kidole unalihisi. Ni meno ya panya. Panya akibanwa hujitetea kwa alichonacho, na meno yake yanaweza kumpofua nyoka jicho au kumtafuna hadi mfupani, hasa nyoka akiwa hana hamu ya kula na panya akaachwa naye usiku kucha. Nimeambiwa mara nyingi kwamba porini hakuna friza. Kweli hakuna, ila porini nyoka akizidiwa ana pa kukimbilia, na panya vilevile. Ndani ya kizimba cha kioo wote wawili hawana pa kwenda. Na huyo panya naye ni kiumbe. Kumwona amejikunyata pembeni akitetemeka kulinikosesha raha kila mara, na sikutaka kulizoea jambo lile.

Ushauri niliopewa zaidi ni huu: mshindishe njaa, atakula tu. Siukubali. Shanga ni wa aina inayoitwa kisayansi Python regius, na chatu mzima wa aina hiyo, mwenye afya, anaweza kukaa miezi bila kutia kitu tumboni. Njaa unayodhani itamlainisha haijamfikia bado. Kwa mtoto wa chatu ni hatari kabisa, maana hana akiba mwilini. Na zaidi ya hayo, sidhani kama lilikuwa suala la ukaidi. Chatu huyu ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, kwa hiyo hata gizani anamtambua mnyama mwenye damu moto. Ulimi nao unachukua harufu na kuipeleka kwenye kiungo cha Jacobson, kinachoitambua, juu ndani ya kinywa. Ukimletea panya wa baridi, harufu inasema chakula kipo, joto linakataa. Atajuaje?

Nilianza na panya aliyekwisha kufa lakini hajagandishwa. Hapo hakusumbua sana. Kazi ilikuwa kwa yule wa friza.

Huwa namhamishia kwenye friji tangu usiku wa kuamkia siku ya kumlisha, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri ili asilowe. Saa ya kulisha ikikaribia, mfuko unaingia kwenye maji ya moto yasiyochemka. Namminya tumbo kwa vidole. Nikikuta kigumu katikati, bado ana barafu, anarudi majini. Maikrowevu siigusi: inapika upande mmoja huku mwingine umeganda, na tumbo linaweza kupasuka. Mwisho napima kwa kipimajoto, ngozi ifike nyuzi 38 hadi 40 hivi, na kichwa kiwe na joto kuliko sehemu nyingine. Vyombo vya kazi hii haviingii jikoni, na mikono naiosha kwa sabuni, kwa sababu kugandisha hakuui bakteria wa salmonela.

Kilichonifungua macho ni kumtazama ulimi. Nilikuwa nikimshika panya kwa koleo ndefu, taa zimezimwa. Shanga anatoa kichwa kwenye pango lake la kujifichia kizimbani, ulimi unatoka haraka haraka, shingo inajikunja tayari kuruka, halafu ghafla anapoa na kurudi ndani. Nikimgusa panya, pua imeshakuwa baridi. Basi jana nilipoona anaanza kusita sikumsogezea panya usoni, maana hilo humtisha. Nilirudi na panya kwenye maji ya moto, nikamkausha, nikakipasha kichwa tena, kisha nikampitisha mbele ya pango kwa mitikiso midogo midogo, kama anayekimbia. Hakungoja.

Siku za nyuma alipokuwa akikataa, panya nilimtupa, sikumgandisha tena, na sikumjaribu Shanga kesho yake. Nilimwacha karibu wiki nzima bila bughudha, nikimpima uzito tu. Anayemfungulia nyoka mlango kila jioni kumbembeleza ale anamwongezea woga.

Sasa hivi amejificha, tumbo limevimba, na sitamshika kwa siku mbili asije akatapika. Akizoea hawa panya wadogo, nataka nimpeleke kwenye wale wakubwa, ambao ni aina nyingine ya panya, kwa sababu mwili wake umeshapita mlo huu. Harufu itakuwa ngeni kwake. Nimeshatenga matandiko waliyolalia panya wadogo, nitamsugulia nayo yule mkubwa kabla ya kumpasha joto.