Saa saba kasorobo, Kisenyi: picha yangu ilivyotajwa na majaji

Wapiga picha wa ridhaa hapa Kampala tunaambiana jambo lile lile: toka alfajiri au ngoja jioni, mchana weka simu mfukoni. Picha yangu iliyotajwa kwenye shindano la picha za mtaani niliipiga jua likiwa utosini, na naamini kabisa kwamba ningefuata ule ushauri nisingepata kitu. Nawaandikia wenzangu wenye simu ya kawaida na saa moja ya chakula cha mchana, maana hiyo ndiyo mali niliyokuwa nayo.

Nauza vipuri vya magari karibu na Soko la Kisekka. Asubuhi niko kwenye teksi kutoka Bombo, na jioni nikishusha mlango wa duka giza limeshaingia. Huku kwetu kwenye ikweta jua halibadiliki sana: mwaka mzima linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja hivi, na jioni linazama karibu saa hizo hizo. Tena linashuka wima. Ile nuru ya dhahabu wanayoisifu wapiga picha wa Ulaya, ambako jua huteleza pembeni kwa muda mrefu, hapa inapita upesi, na mimi inanikuta nahesabu boliti.

Kwa hiyo nikaanza kulichunguza jua la mchana. Wengi hawajui kwamba Kampala jua halifiki utosini saa sita kamili. Saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, na sisi tuko karibu nyuzi 32 na nusu, kwa hiyo jua linatufikia na kuchelewa kwa takriban dakika 50. Ukirekebisha kidogo kwa ajili ya msimu, mwezi wa Septemba liko juu kabisa karibu saa saba kasorobo. Na kuna siku mbili tu za mwaka, moja karibu tarehe 21 Machi na nyingine karibu tarehe 22 Septemba, linapopita wima hasa, hata mlingoti unakosa kivuli. Shindano lilikuwa linafungwa mwisho wa Septemba.

Kisenyi ni mtaa wa mashine za kusaga mahindi. Malori yanashusha magunia, mengine yanapakia unga wa posho, na kelele za mashine hazikatiki. Kati ya kuta mbili za mashine kuna uchochoro mwembamba, watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Juu, mabati ya pande zote mbili yanakaribia kugusana, yanaacha ufa. Siku nzima mle ndani ni giza. Jua likifika utosini, nuru inaingia kwenye ule ufa na kushuka moja kwa moja mpaka sakafuni, na kwa kuwa hewa imejaa vumbi la unga, nuru yenyewe unaiona, imesimama kama nguzo. Wapagazi wanapita ndani yake wakiwa na magunia shingoni. Hatua moja wako gizani, ya pili wanawaka, ya tatu wamepotea. Wiki moja kabla ya ile tarehe 22 Septemba au wiki moja baadaye nuru ile inaanza kuegemea ukutani.

Lakini Kisenyi huwezi kuinua simu tu ukapiga. Swali la kwanza ni, "Wewe ni mtu wa jiji au wa kodi?" Mimi aliniuliza mzee anayeshika daftari la magunia mlangoni, ambaye kila mtu pale anamwita Hajji. Nikamsalimu, "Asalaam aleikum, Hajji."

"Waaleikum salaam. Mtoto wa nani wewe?"

Nikamwambia mimi ni wa Bombo, nauza vipuri pale juu Kisekka. Uso ukafunguka. Akauliza kama nina mkanda wa mashine, maana wake umeanza kukatika nyuzi. Kesho yake nikamletea kwa bei ya dukani, tukaufunga pamoja na fundi wake. Baada ya hapo akasema, "Piga picha zako, kijana. Ila mtu wangu akikukataa, usimbembeleze." Ndivyo nilivyofanya. Wale wapagazi wametoka Arua, Busia, wengine Kongo, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wote. Nilikula nao mchana kabla ya kupiga chochote. Wawili watatu hawakutaka, na wakipita wao nilikuwa nashusha simu hadi pajani ili waione imeshuka. Jambo hilo naliona kubwa kuliko lenzi yoyote: mtu aliyekubali kwa moyo anatembea mwendo wake wa kawaida.

Sasa simu yenyewe. Zima HDR, ile mipangilio ya kamera inayosawazisha giza na nuru, kwa sababu kazi yake ni kuinua vivuli, na mimi nilivitaka vivuli. Gusa kidole kwenye sehemu yenye nuru, kishikilie mpaka fokasi na mwangaza vijifunge, halafu shusha mwangaza mpaka kuta ziwe nyeusi tii. Kwenye kioo picha itaonekana kama imeharibika, usiogope. Jua lile ni kali, kwa hiyo simu inatumia kasi kubwa na mguu wa mtu anayetembea unaganda bila ukungu. Mimi fokasi niliifunga kwenye jiwe lililokuwa chini ya ule ufa, nikasimama hatua chache nyuma, mgongo ukutani nisizibe njia, nikaacha watu waje kwenye nuru badala ya kuwafuata. Nilipiga mfululizo kila anapofika mtu.

Kushusha mwangaza kulinisaidia zaidi ya nilivyotegemea. Picha za Kampala zinauawa na vitu vingi: mabango, nyaya, bodaboda, turubai, kichwa cha mtu kinachochungulia pembeni. Weusi ule ulivimeza vyote.

Tulipofika kwenye kuchagua nilikwama kati ya picha mbili za mpagazi yule yule. Mimi niliipenda ile ambayo uso wake umepokea nuru vizuri, unga umekaa kwenye nyusi na kope. Nikamwonyesha mwenyewe. Akaitazama muda, akapeleka kidole kwenye ile nyingine, ambayo uso uko nusu gizani. "Hii. Hapa mzigo ni mzito. Kwenye ile nimebeba pamba." Nikaangalia tena alichokiona: vidole vya mguu vimekamata ardhi, kisigino kimeinuka kidogo, mshipa wa shingo umesimama. Nikatuma aliyoichagua yeye.

Nilikuwa tayari kumwelewa, nadhani, kwa sababu ya maonyesho niliyoyaona Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019, picha za enzi za Idi Amin zilizopigwa na wapiga picha wa serikali. Kamera zao zilielekezwa jukwaani. Macho yangu yalibaki kwa watu wa pembeni, waliosimama tu bila kujua kuwa wamo. Tangu siku ile nimetaka kupiga picha ambayo mtu wa aina hiyo ndiye mwenye picha.

Sikuchukua nafasi tatu za kwanza. Picha yangu ilikuwa miongoni mwa chache zilizotajwa baada ya washindi, na furaha niliyoipata siwezi kuificha. Majaji walieleza kwa ufupi: mguu, na kwamba hakuna kitu cha ziada kwenye picha. Nilimsomea mpagazi maneno hayo kwenye simu, akawaita wenzake, ikabidi niyasome tena kwa sauti kubwa kuishinda mashine.

Nilichapisha nakala mbili, moja yake na moja ya Hajji, ambaye ameibandika juu ya mizani. Wapagazi wengine sasa wanadai zamu yao, na wana haki. Desemba jua litakuwa limehamia kusini na ufa ule hautafaa, kwa hiyo nimeanza kutafuta uchochoro mwingine ambao ukuta wake wa kaskazini ni mweupe, nuru ipige pale na kurudi usoni kwa mtu. Anayeujua mmoja huko Katwe au Owino, aniambie.