Laki Moja ya Mutukula

Mwaka jana, alfajiri ya Juni mosi, tulitoka Bukoba kwa Kosta ya kukodi kwenda kuhiji Namugongo, Uganda, mahali walipouawa mashahidi wa imani. Mchango wa nauli ulikuwa umepandishwa mara mbili, na kiti nilichopangiwa kilikuwa juu ya tairi la nyuma, magoti kifuani. Daraja la Kyaka, lile lililolipuliwa na majeshi ya Amin mwaka 1978, tulilivuka tukiwa tendo la tatu la rozari.

Mutukula, mpakani na Uganda, tulikwama kwa muda wa saa mbili kwa sababu mwenzetu mmoja alisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nikaenda kubadilisha hela. Nilimpa kijana mmoja laki mbili za kwetu, akanihesabia za Uganda harakaharaka, nikazikunja na kutia mfukoni. Pembeni yake alisimama mvulana aliyefanana naye sana, ameshika mkoba.

Masaka ndipo nilipozihesabu. Noti mbili mpya za elfu hamsini zilikuwa zimenatana na nyingine. Laki moja nzima imezidi.

Nilichofikiri wakati ule ndicho kinachoniuma hadi leo. Nilifikiri: Bwana amejibu. Gesti ya Kampala tuliyoelezwa ni elfu thelathini kwa usiku, tulikuwa tumepigiwa simu njiani kwamba sasa ni elfu themanini, kisa msimu wa hija. Usiku mbili, nyongeza laki moja. Hesabu ilikaa sawasawa kiasi kwamba nilimgeukia mama mmoja wa jumuiya yetu nikamsimulia kama mtu anayetoa ushuhuda.

"Waitu, mwanangu," akasema, huku anamenya ndizi. "Mungu akitaka kukupa wewe, amwibie yule mtoto?"

"Mama, mimi sijaiba."

"Nani kasema umeiba? Jioni watafunga hesabu, hela haitoshi. Atadaiwa nani?"

Akanikatia nusu ya ndizi. Hakulitaja tena jambo hilo safari nzima. Ningependa angelitaja, nipate kubishana.

Kampala sina la kusimulia zaidi ya godoro lililobonyea katikati na maji ya kuoga ya kununua kwa ndoo.

Tarehe 3 tulikuwa Namugongo kabla hapajapambazuka. Watu walikuwa wamelala chini kwenye nyasi, wengine wametembea kwa miguu siku nyingi, nyayo zimepasuka. Basilika imejengwa kwa umbo la msonge, juu ya nguzo 22, kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki. Tukasimuliwa habari za Mbaga Tuzinde, mmoja wa waliouawa hapo Juni 3, 1886. Mukajanga, mkuu wa wauaji, ndiye aliyekuwa amemlea Mbaga kama mwana. Alimsihi sana aikane imani ili apone. Kijana akakataa.

Nilisimama pale na ile laki moja akilini. Mimi sikutakiwa kukana chochote. Nilitakiwa kurudisha noti mbili, na bado nilikuwa natafuta sababu: sura yake nimeisahau, gari halitasimama, gesti nimeshailipa. Sikwenda kukomunika.

Nikawaza nyumbani. Kwetu Kagera tunakesha tukikemea uchawi na ulevi, lakini mtu ananunua butura, kahawa ya jirani ikiwa bado maua mtini kwa sababu jirani ana mgonjwa na hana pesa, na Jumapili anakaa benchi la mbele. Sijasikia padri akihubiri hilo kwa ukali ninaoutamani. Na marehemu baba yangu alinunua butura. Shule nilisomea hela hiyo.

Wakati wa kurudi nilimkopa yule mama elfu arobaini kujazia nilizobakiza. Alinipa bila kuuliza, akamwomba dereva asimame Mutukula dakika kumi.

Kijana nilimkuta palepale. Hakunikumbuka. Nilipomwambia noti mbili mpya, aliuliza siku gani. Nikasema Juni mosi. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Nilimpiga mdogo wangu," akasema. "Nikamfukuza."

Yule mvulana wa mkoba. Zile noti nilizompa hakuzihesabu, alizishika tu mkononi zikiwa zimekunjwa, na kidole gumba chake kilikuwa kinazisugua, kinazisugua. Nilijaribu kusema kosa ni langu, akaniinulia mkono ninyamaze. Akatoa simu, akapiga. Iliita muda mrefu.

Alizungumza Kiganda, ambacho sisi Wahaya tunakishika nusunusu. Neno moja nililisikia vizuri, *nsonyiwa*, nisamehe. Akalirudia. Upande wa pili kimya. Kosta ikapiga honi, mara ya pili, nikamwacha amekaa juu ya ndoo, simu bado iko sikioni.