Mnato wa deksitrani si breki ya tone

Kosa linalorudiwa sana katika kupima kasi ya tone la mafuta linalovutwa na umeme majini ni la hesabu. Mtu anapima mnato (ugumu wa kutiririka) wa myeyusho wa deksitrani, polima ya minyororo mirefu ya sukari, anakuta ni mara 10 ya maji, basi anatarajia kasi ya tone la mafuta ya alizeti ishuke mara 10. Haishuki kiasi hicho.

Kwenye maji matupu, tone lenye zeta (volti ya uso wake) ya milivolti -50 hukimbilia anodi, yaani elektrodi chanya, kwa mikromita 35 hivi kwa sekunde, ukiweka volti 10 kwa sentimita. Lakini umeme unaolivuta tone unavuta pia ioni zilizolizunguka, kuelekea upande wa pili. Nje ya tabaka hilo la ioni kani zimeshafutana. Mtelezo wote hutokea ndani yake: nanomita 10 kwa chumvi ya milimola 1 (miligramu 58 kwa lita), nanomita 3 kwa milimola 10. Na deksitrani haishiki uso wa tone. Minyororo yake hukaa kando, karibu na uso hubaki maji. Mnato wa maji hayo ndio unaohesabika! Polima inayonata kwenye mafuta hufanya kinyume, kasi huanguka.

Maji ya bomba ya Arusha yaache: ioni zake ni nyingi, floridi ikiwemo, na tabaka litakuwa jembamba kuliko ulivyokusudia. Tumia yaliyokenekwa. Maji ya betri yanafaa, ila hakikisha hujapewa asidi.

Betri 3 za volti 9 kwa mfululizo, elektrodi za kaboni zikiachana sentimita 3, zinatoa volti 9 kwa sentimita. Geuza nguzo kila sekunde 5, la sivyo viputo vitasukuma kila kitu. Kioo nacho kina chaji, kwa hiyo maji yenyewe hutembea ukutani na kurudi katikati. Kwenye mwanya uliozibwa wa mikromita 200, lenga hadubini mikromita 42 kutoka kioo. Hapo maji yametulia. Kwa polima nzito kimo hicho huhama, kwa hiyo pima vimo kadhaa.

Andika joto kila mara. Asubuhi ya Julai maabara ikiwa nyuzi 15 na mchana 25, mnato wa maji peke yake umeshuka zaidi ya asilimia 20.

Matone yakishikana kama zabibu, ni deksitrani iliyozidi inayoyabana. Punguza polima, usiongeze umeme.