Pete ya Safari

Juzi yule binti wa kaka, mnamfahamu, alikuwa akipekua kisanduku changu cha hereni akaibuka na pete. "Shangazi, kumbe uliwahi kuolewa?"

Nilicheka hadi nikakohoa. Pete yenyewe ni shaba iliyong'arishwa ijifanye dhahabu. Ivae siku mbili kwenye jasho, kidole kinageuka kijani. Niliinunua kwa safari moja tu, mwaka ule nilioacha kazi. Kila mwanamke aliyewahi kusafiri peke yake alinipa masharti: usitaje unakofikia, usiseme hakuna anayekusubiri, vaa pete.

Nikavaa. Treni haijaondoka, mwanamume mmoja kwenye ujia wa behewa akaniuliza kama niko peke yangu. Nikamwonyesha kidole: mume wangu atanipokea stesheni. Akaenda zake. Kumbe nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja wa makamo na kikapu chake, kasikia yote, na chumba chetu cha wanawake ni kimoja. Yeye kitanda cha chini, mimi cha juu.

"Mumeo anaitwa nani, mwanangu?"

Hapo ningeweza kusema kweli. Tulikuwa wanawake watupu, na mlango ulikuwa na komeo. Lakini uongo uliokwisha kuvalishwa pete hauvuliki hivi hivi. Nikataja jina la kwanza lililonijia, la fundi wangu wa nguo, aliyekuwa amekaa na kitambaa changu mwezi wa tatu.

"Anafanya kazi gani?"

"Fundi cherehani." Hilo angalau lilikuwa kweli.

"Ni mtu mzuri?"

Nikafikiri. "Anaahidi sana, mama."

Akaguna kama anayewajua wa namna hiyo. Yeye alikuwa anakwenda kwa bintiye aliyejifungua mtoto wa kwanza.

Usiku wa manane treni ikasimama mahali pasipo stesheni. Taa zikazimika, feni ikanyamaza, nikaanza kusikia vitu nisivyovisikia tangu tuondoke: chuma kikipoa, tik, tik, mtoto akilia chumba cha pili, nyayo kwenye kokoto chini ya dirisha, zikienda, zikirudi. Mama akaniita nishuke. Nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, akaushika mkono wangu, ule ule, akaanza kuomba. Akamwombea dereva, akamwombea bintiye na kichanga. Kiganja chake kilikuwa kikavu na cha moto. Kidole gumba chake kikaifikia pete, kikaizungusha mara moja, kikasita, kikaizungusha tena. Sauti haikubadilika hata kidogo. Akamtaja mume wangu kwa jina: abarikiwe mikono yake, afunguliwe milango, afundishwe kutimiza anayoyaahidi.

Nikasema amina. Na niliisema kwa moyo wote, mjue. Ile nguo nilikuwa naihitaji.

Alishuka kabla yangu. Hakuwa na simu; akaniomba namba yangu, angenipigia kwa ya bintiye anijulishe mtoto amepewa jina gani. Nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi, na tarakimu mbili za mwisho nikazibadilisha. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kwa yule wa kwenye ujia. Niligundua nilichofanya treni imeshaanza kutembea, naye amesimama chini akinipungia.

"Msalimie fundi!" akapaza sauti. Hakusema mumeo.

Masharti yale sithubutu kuyaita ya kijinga. Nilifika salama. Yule wa kwenye ujia sijui alitaka nini. Labda alitafuta wa kuzungumza naye tu, labda sivyo. Lakini siku nyingine nikipigiwa na namba ngeni hupokea haraka kuliko inavyostahili.

Binti wa kaka anasafiri mwezi ujao, peke yake, mara ya kwanza. Akaomba aichukue pete. Nikampa. Nilitaka kumwambia jambo kuhusu namba za simu, nikakosa pa kuanzia, na yeye tayari alikuwa mbele ya kioo, anajaribu kidole kipi kitamfaa.