Noeli ya waliobaki

Ballina, 2 Januari

Sisi watu wa Kilimanjaro hatuhitaji kuelezwa Disemba ni nini. Mabasi ya Dar yanajaa, barabara ya Rombo inafurika magari, na hata aliyekuwa Mwanza mwaka mzima hutafuta namna ya kufika nyumbani kabla ya mkesha. Nilipokuja kufanya kazi kwenye makao ya wazee hapa Ballina, mji wa Kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ayalandi, nilidhani Disemba ya namna hiyo nimeiacha Moshi. Sivyo. Siku chache kabla ya sikukuu mji ulijaa sura mpya. Madukani watu walikumbatiana na kuulizana: umekuja lini, unaondoka lini?

Wengi hutua Knock, uwanja wa ndege ulio chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa. Naipenda sana habari yake. Aliyeupigania ni padre, Monsinyori James Horan, paroko wa Knock, na ulifunguliwa mwaka 1986 baada ya watu wengi kuubeza: nani atajenga uwanja wa ndege juu ya kilima cha matope na ukungu? Leo ndege za London, Manchester na Liverpool zinashusha hapo watoto wa Mayo.

Kuondoka ni jambo la kale huku. Njaa Kuu ilianza mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani. Iliua watu kama milioni moja katika Ayalandi nzima na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni moja ng'ambo. Mwaka 1841 Mayo ilikuwa na watu karibu 389,000. Sensa ya 2022 ilihesabu 137,000 na ushei. Njaa iliisha, lakini watu hawakuacha kuondoka, kizazi baada ya kizazi. Edward Blewitt, aliyeuza matofali ya kujengea kanisa kuu la Mtakatifu Muredach hapa kando ya mto Moy, naye aliondoka, na familia yake ikajijenga Scranton, Pennsylvania. Mtu wa uzao wake, Joe Biden, alisimama mbele ya kanisa hilohilo usiku wa 14 Aprili 2023, akiwa rais wa Marekani, na maelfu walikuja kumsikiliza.

Habari za waliofika Amerika zimesimuliwa sana. Kazini kwangu naishi na waliobaki.

Yupo mmoja ambaye moyoni namwita bibi. Hapa kila mtu huitwa kwa jina lake la kwanza, hata akiwa na miaka zaidi ya 90, na mdomo wangu bado unakataa. Alinisimulia wakati namchana nywele. Walizaliwa tisa, wakabaki wawili. Kila Disemba mama yao alisubiri barua kutoka Amerika. Ndani yake mlikuwa na dola, na dola hizo ndizo zilizolipa deni la dukani na kuwanunulia wadogo viatu. Mama alisoma barua kwa sauti watu wote wakisikia, halafu akaisoma tena peke yake jikoni. Dada mkubwa aliondoka akiwa msichana na hakurudi hata mara moja. Kikombe chake kilikaa kabatini hadi mama alipofariki. Hakuna aliyekatazwa kukitumia, na hakuna aliyekitumia.

Mkesha wa Noeli huku huwashwa mshumaa dirishani, na anayeuwasha kwa kawaida ni mdogo kuliko wote nyumbani. Ni wa Maria na Yosefu waliokosa pa kulala, lakini kwa watu waliozoea kuagana umekuwa pia wa walio mbali. Mary Robinson, aliyezaliwa hapahapa Ballina mwaka 1944, alipochaguliwa mwaka 1990 kuwa rais wa kwanza mwanamke wa nchi hii, aliweka taa kwenye dirisha la ikulu kwa ajili ya wote walio ughaibuni. Makao yetu hayaruhusu moto, hivyo tunatumia mishumaa ya betri. Kabla ya saa kumi na nusu jioni jua lilikuwa limezama. Bibi yangu ndiye aliyewasha wa sebuleni. Alisema yeye ndiye kitindamimba wa wale tisa, na haki hiyo hajamwachia mtu.

Sikukuu yenyewe ilipita haraka, kama siku zote za zamu. Baa zote zimefungwa kwa sheria, barabara tupu, baadhi ya wazee wamechukuliwa na watoto wao kwa chakula cha mchana. Sisi tuliobaki, Wafilipino, Wahindi wa Kerala na mimi, tuliweka meza moja. Jioni tulishika simu mbele ya wazee ili waone wajukuu wao wa Boston na Sydney.

Tulioondoka tunajua kusimulia upweke wetu, na ni wa kweli. Nimekosa mbege, nimekosa kisusio, nimekosa kelele za watoto wa kaka. Lakini aliyebaki ndiye anayepanga vyumba, anayehesabu sahani, anayejibu jirani akiuliza huyu naye haji? Mama yangu kwenye simu huniuliza kama nimekula, kisha anakata haraka kwa kuhofia salio langu. Tarehe 26 sikumwacha akate. Nilimuuliza nani walikuja, nani alichinja, nani alilala chumba changu. Aliongea hadi akachoka. Chumba changu hakulala mtu.

Tarehe 6 Januari huku ni Noeli ya Wanawake: wanaume wanashika jiko, wanawake wanatoka pamoja kupumzika. Wenzangu wa kazini wamenialika, nami nitakwenda. Ombi la likizo ya Disemba ijayo nimeshalipeleka na limekubaliwa. Mama ana tarehe, na kaka ameshaambiwa ni mbuzi yupi asiuzwe.