Msondo na maiki mbili

Leo studio tulikuwa na mpiga msondo, ile ngoma ndefu ya kupigwa kwa viganja. Wengi wanaweka maiki moja juu ya ngozi, basi, halafu wanalalamika besi haisikiki. Mimi naweka mbili: ya juu inadaka kiganja kinavyotua kwenye ngozi, ya chini, kwenye mdomo wa ngoma, inachukua mvumo.

Sasa hapa ndipo watu wanapokwama. Ngozi ikipigwa inashuka, kwa hiyo inaikimbia maiki ya juu na kuisogelea ya chini. Mawimbi yanakwenda kinyume. Ukizifungua zote pamoja, besi inajifuta yenyewe na msondo unalia kama debe tupu. Geuza feizi (mwelekeo wa wimbi) ya ile ya chini, kitufe kimoja tu, na ngoma inarudi na kifua chake. Usiguse ikwalaiza kabla ya hapo jamani!

Gaini (kiwango cha sauti inayoingia) niliweka vilele viishie kwenye -10 dB hivi, chini ya dari ya 0 dB. Ukirekodi kidijitali kwa biti 24 huna haja ya kufukuzia taa nyekundu ya kuzidi dari, na mpiga ngoma akipandwa na mzuka utaishukuru hiyo nafasi.

Mwimbaji hakusumbua: shubiri moja toka kwenye maiki, popu filta (kichujio cha pumzi za “p” na “b”) mbele, blanketi zito nyuma yake. Kwenye miksi, kwenye sauti yake tu, nikakata kila kitu chini ya 80 Hz, yaani mivumo ya chini kabisa. Huko kuna feni na bodaboda tu. Yeye anataka mwangwi mwingi. Nimempa, ila kwenye hedifoni zake peke yake 😄